Rangi ya uzee haiko kwenye mti: kisa cha shingo ya gitaa iliyopakwa mara mbili

Gitaa lenyewe ni nakala ya Stratocaster (gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani) iliyotengenezwa China, likanunuliwa Dar es Salaam na kupandishwa Dodoma, ambako linapiga solo kwenye kwaya moja ya Nkuhungu. Shingo ni ya mti wa mepo (maple), ubao wa freti ni rozwudi, freti (vile vyuma vinavyokatisha ubao) 22, na uzi una milimita 648 kutoka nati (kipande chenye mifereji kinachobeba nyuzi kichwani) hadi brichi (kinachozishika kwenye bodi). Lilitoka kiwandani na shingo nyeupe ya kupauka, inang'aa, na gumba likishatoa jasho linakwama badala ya kuteleza. Mwenye gitaa alitaka mambo mawili: shingo ipate manjano iliyokolea ya magitaa ya miaka ya 1950 na 1960, na mgongo wake usinate mkononi.

Kabla ya kufika kwenye benchi la fundi wa magitaa, shingo ilikuwa imeshapita kwa fundi samani. Huyu hakufanya uzembe. Alifanya kile ambacho meza na vitanda vinahitaji. Alipiga msasa namba 80 mgongoni, akapangusa steni (rangi ya kuzama ndani ya mti) ya mahogani, akafuatisha sendingi sila (vanishi ya kwanza, ya kuziba vinyweleo) na klia (vanishi ya juu isiyo na rangi). Baada ya miezi michache shingo ilikuwa na mabaka ya kahawia na meupe, klia ya kichwani ilikuwa inabanduka vipande vipande, mbavuni kila penye freti palikuwa na ufa mdogo, na kunata kuliongezeka badala ya kupungua.

Malalamiko manne, vyanzo vinne

Jambo la kwanza ni kujua kilichopakwa. Pamba iliyolowa tina ilishikizwa kwenye kitako cha shingo, sehemu inayojificha ndani ya bodi, kwa muda wa kama dakika moja. Tabaka la juu lililainika na kuacha gundi kwenye pamba: hiyo ni nitroselulosi, ile klia ya kawaida ya samani. Chini yake palibaki ngozi ngumu ambayo tina haikuigusa kabisa. Hiyo ni poliesta au poliuretani ya kiwandani, na kwa kazi hii tofauti ya hizo mbili haina uzito, maana zote haziyeyuki tena zikishakauka.

Mabaka yalitokana na hapo. Msasa namba 80 ulitoboa ngozi ya kiwanda mahali fulani na kuiacha mahali pengine. Palipotobolewa steni ikazama ndani ya mti. Palipobaki ngozi ikapita juu na kupanguswa yote. Isitoshe, mepo ni mti mgumu wenye vinyweleo vidogo na hainywi steni sawasawa. Pale shingo inapopinda kwenda kichwani nyuzi za mti zimekatwa kwa mshazari, kwa hiyo panakunywa mara mbili ya mahali pengine na kuwa peusi.

Kubanduka kichwani ni habari fupi. Uso wa kichwa haukupigwa msasa, na nitroselulosi haiwezi kuyeyusha poliesta ikashikamana nayo. Isipopata mikwaruzo ya kung'ang'ania, inakaa juu tu ikisubiri kucha ya mtu.

Kunata kulikuwa na sababu mbili. Klia ilipigwa nene, tabaka juu ya tabaka bila kupumzika, tina ikafungiwa ndani. Tabaka la juu likikauka kwanza, la chini hubaki laini kwa wiki nyingi, na joto la kiganja hulilainisha zaidi. Sababu ya pili ni mng'ao wenyewe: ngozi ya mkono yenye jasho huganda zaidi kwenye uso laini kabisa kuliko kwenye uso uliofifishwa.

Nyufa za mbavuni ni kisa cha hali ya hewa, na hicho kina nafasi yake huko chini.

Manjano ile inatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanadhani mti wa gitaa la zamani umebadilika rangi, kwa hiyo wanapaka mti. Mepo hukolea kidogo kwa miaka, lakini sehemu kubwa ya kile jicho linachokiona kiko kwenye vanishi. Nitroselulosi hugeuka manjano kwa mwanga, joto na muda.

Ushahidi mzuri umo kwenye magitaa ya Fender yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilihamia kwenye poliesta nene, lakini uso wa kichwa ukaendelea kupakwa nitroselulosi kwa sababu poliesta ilikuwa inagombana na karatasi ya nembo. Leo magitaa ya kipindi hicho yana kichwa cha manjano iliyokolea na shingo iliyopauka, ingawa vyote ni kipande kimoja cha mti. Mti ni uleule na miaka ni ileile, ila vanishi mbili tofauti.

Kwa hiyo uamuzi wa kazi hii ulikuwa: mti urudishwe mweupe, rangi iwekwe ndani ya tabaka za vanishi, na jumla ya vanishi iwe nyembamba. Unene ni nusu ya muonekano wa zamani. Shingo yenye rangi sahihi chini ya klia nene bado inasema "plastiki" ukiwa mita mbili.

Kuvua

Nyuzi zililegezwa zote kidogo kidogo, si kukata moja moja zikiwa zimekaza. Nondo ya ndani ya shingo, ile inayoizuia isipindwe na mvuto wa nyuzi, ikalegezwa kwa spana ya alen hadi isivute upande wowote, idadi ya robo mizunguko ikaandikwa kwenye tepu na tepu kubandikwa kitakoni. Skrubu nne za shingo zikatoka, kisha vifunguo vya kukazia nyuzi, vishikizo vya nyuzi vya kichwani, na nati. Skrubu za vifunguo ni ndogo na mepo ni ngumu. Bisibisi isiyolingana na kichwa chake inakuachia kazi nyingine ya kuchimba.

Klia ya samani ilitoka kwa tina na matambara. Ngozi ya kiwanda haikuwa rahisi hivyo. Dawa za kuvulia rangi haziiwezi vizuri, na zile kali zina mvuke usiofaa kabisa chumbani. Bunduki ya hewa ya moto inaiweza, lakini gundi inayoshika ubao wa freti huanza kulegea kwenye nyuzijoto 65 hadi 70 hivi, na mkono ukichelewa sehemu moja ubao unainuka. Kilichotumika ni kile ambacho seremala yeyote wa Majengo, hapa Dodoma, anakijua: kukwangua. Wembe mpana wa chuma ukiwa mkali, au kipande cha kioo kilichovunjwa kikapata ukingo ulionyooka, ukishikwa kwa kuegemezwa kidogo mbele na kuvutwa kufuata nyuzi za mti. Ngozi ya poliesta inatoka kama unga mweupe na vipande vyembamba. Ukifika kwenye mti sauti inabadilika na kinachotoka ni nyuzi zilizojikunja. Hapo unaacha. Kioo kinawahi kuwa butu, kwa hiyo vipande vitano sita viandaliwe, na glavu nene zivaliwe.

Baada ya hapo msasa namba 120, 180, 240, na kumalizia 320, daima kwa kufuata nyuzi. Unene ulipimwa kwa kalipa kabla na baada: kwenye freti ya kwanza milimita 21.4 ikawa 21.0, na kwenye freti ya 12 milimita 23.2 ikawa 22.8. Sehemu kubwa ya hiyo nukta nne ni ngozi ya kiwanda, si mti. Kitako hakikuguswa pembeni wala chini. Kikipungua upana, shingo inacheza kwenye nafasi yake na nyuzi za kwanza na za sita zinahama pembeni. Pembe kali za kichwa nazo ziliachwa kali, maana kichwa kilichoviringwa pembe kwa msasa kinajulikana mara moja kuwa kimefanyiwa kazi.

Steni iliyozama haikutoka kwa msasa, na kuifuata hadi iishe kungekula mti. Ilipanguswa kwanza kwa spiriti, ikapungua. Mabaki yakapakwa jiki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa brashi ya nailoni, ikaachwa dakika 15, ikafutwa kwa kitambaa chenye maji safi mara tatu. Jiki inaua rangi za kuyeyuka. Steni ya unga wa ardhi haiisikii. Tundu za skrubu zilizibwa kwa vijiti vya kibiriti ili maji yasiingie. Maji huamsha nyuzi za mti, kwa hiyo baada ya siku mbili za kukauka kivulini ulipita tena msasa namba 320 kidogo. Baka moja kwenye mpindo wa kichwa lilibaki likionekana kwa mbali, na likaachwa. Chini ya rangi linasomeka kama mti wenyewe.

Ukavu wa Dodoma

Shingo inayotoka pwani ikifika Dodoma inapoteza unyevu. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua zake zinakuja kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Mei hewa ni kavu na upepo hauchoki. Ubao wa rozwudi husinyaa upana. Freti ni chuma, hazisinyai. Ncha zake zinajitokeza mbavuni, unazisikia ukipitisha mkono. Klia ya fundi samani ilikuwa imepigwa juu ya ncha hizo mti ukiwa bado unasinyaa, ndiyo maana kila freti ilijipasulia ufa wake.

Dawa yake haimo kwenye vanishi. Shingo ikiwa uchi ilining'inizwa wiki mbili ndani ya chumba kilekile ambamo gitaa litakaa, kisha ncha zikasawazishwa kwa tupa laini iliyogandishwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, kwa pembe ya nyuzi 90 kwanza, halafu ukingo wa juu ukalazwa kwa pembe ya kama nyuzi 35. Anayefanya kazi hii masika na kukabidhi gitaa Machi asishangae ncha zikirudi Agosti. Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kupiga tupa, kwa sababu mti umeshafika mwisho wa kusinyaa kwake.

Kiangazi hichohicho ni kibaya kwa spirei. Kazi ilifanyika Julai. Kufika saa tano asubuhi upepo unakuwa umeamka na vumbi jekundu halina mlango linaloheshimu. Hewa kavu nayo inakausha klia kabla haijatandaza, uso unakuwa na chembechembe za unga, au mawimbi yale mafundi rangi wa magari wanayaita ganda la chungwa. Mambo matatu yalisaidia: kupiga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kumwagia sakafu maji dakika 20 kabla ya kuanza, na kuongeza tina ya kukauka taratibu kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya tina yote. Bunduki ilishikwa sentimita 15 hadi 18 kutoka kwenye shingo, karibu kuliko kawaida. Masika shida ni kinyume chake. Tina ikiruka inapoza uso, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na klia inageuka nyeupe ya ukungu. Hapo unasubiri jua, au unapitisha tina ya taratibu peke yake, nyepesi sana, ili uso ufunguke na unyevu utoke.

Rangi

Kwanza sendingi sila, tabaka mbili nyembamba, saa moja kati yake, kisha msasa namba 400 mkavu. Uso wa ubao wa freti na mahali pa nati vilifunikwa kwa tepu ya karatasi iliyokatwa kwa wembe ukingoni; mbavu za ubao ziliachwa wazi kwa sababu kiwandani pia hupakwa.

Rangi inayofaa ni ile ya unga inayoyeyuka kwenye spiriti na kuacha kimiminika kinachopenya mwanga. Ya unga wa ardhi haifai, inaficha mti na kuufanya kama umepakwa tope. Kuzitofautisha ni rahisi: tone moja kwenye kioo, kioo kiinuliwe kuelekea dirishani. Inayofaa inaonekana safi kama chai ya rangi. Isiyofaa ina mawingu, na ukiacha chupa usiku kucha utakuta matope chini.

Gramu moja ya manjano iliyeyushwa kwenye mililita 50 za spiriti, na gramu moja ya kahawia vivyo hivyo kwenye chupa yake, zote zikachujwa kwa soksi ya nailoni mara mbili. Kisha klia ya nitroselulosi mililita 150 na tina mililita 150 (ile ya taratibu ikiwa ndani ya hesabu hiyo), zikaongezwa manjano mililita 9 na kahawia mililita 3. Nyekundu haikuwekwa kabisa. Makosa ya kawaida kuliko yote kwenye kazi hii ni shingo kuwa ya chungwa, na sababu ni steni ya "mahogani" au "tiki" ambayo tayari ina nyekundu ndani. Unga wa dukani haulingani nguvu, kwa hiyo vipimo hivi ni pa kuanzia tu.

Jaribio lilifanywa kwenye kitako, si kwenye ubao mwingine. Mepo haipatikani kwa wauza mbao wa hapa, na ukijaribu kwenye msonobari rangi inakudanganya, maana msonobari una manjano yake. Kitako kina mti uleule na kinafichika. Kilipigwa tabaka tatu na kutazamwa mlangoni kwenye jua, halafu chini ya taa nyeupe ya ndani, ambako manjano huvuta kuelekea kijani. Matone manne ya kahawia yaliongezwa kurekebisha hilo. Baada ya uamuzi jaribio lilifutwa kwa tina.

Kwenye shingo zilipigwa tabaka tatu za rangi, dakika 20 kati yake, bunduki ikianza kupuliza nje ya shingo na kuishia nje. Ukianzia juu ya shingo yenyewe unaacha baka kila mwanzo wa mkono, na baka la rangi halifutiki bila kuvua yote. Kichwa kilipewa tabaka moja ya ziada, kuiga ile tofauti ya kichwa na shingo. Simamisha rangi ikiwa bado inaonekana pungufu kidogo. Klia ya juu itaiongeza, na nitroselulosi itaendelea kukolea yenyewe.

Klia isiyo na rangi ilifuata: tabaka nne, mbili kwa siku, saa tatu kati yake, bila kusugua kati isipokuwa kutoa punje za vumbi kwa msasa 600. Hizi ni ngao. Rangi iko kwenye vanishi, kwa hiyo msasa wa mwisho ukipenya klia unakutana na rangi na kuitoa, na ukingoni panabaki mstari mweupe. Pembe za kichwa na mbavu ndizo za kwanza kutoboka.

Neno la usalama hapa si la mapambo. Mvuke wa tina unawaka, na jiko la mkaa la jirani upande wa pili wa ukuta linatosha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa yenye vichujio vya mkaa. Matambara yenye tina yatandazwe nje yakauke, yasilundikwe.

Kusubiri na kumalizia

Shingo ilining'inia wiki tatu. Kipimo ni pua: ukinusa karibu na bado kuna harufu ya tina, haijawa tayari. Hapa ndipo fundi wa kwanza aliponaswa na kunata, na hakuna njia ya mkato. Kuianika juani kunakausha ngozi ya juu na kufungia ya chini.

Kichwa kilisuguliwa kwa msasa 1000 na 1500, kikilowanishwa kwa mafuta ya taa badala ya maji ili tundu zisivimbe, kisha polishi ya gari. Mgongo haukupewa mng'ao. Ulisuguliwa kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, namba 0000, kwa mikono mirefu kutoka kitako hadi nati. Stilwaya ya jikoni ni kali mno, itaacha mikwaruzo. Kazi hiyo ifanyike shingo ikiwa mbali na bodi, kwa sababu vumbi lake la chuma linanaswa na sumaku za pikapu (vinasa sauti vya gitaa) na halitoki kirahisi.

Mwenye gitaa aliomba vitu viwili zaidi. Kwanza, "Fundi, niwekee na zile nyufa ndogondogo za zamani." Nyufa hizo hutokana na vanishi kavu ya miaka mingi kukutana na baridi ya ghafla. Klia za leo zimetiwa vilainishi ili zisipasuke, na kuilazimisha shingo kwa kuiweka kwenye friza ni kuhatarisha gundi ya ubao na nondo kwa ajili ya urembo. Halikufanyika. Kilichofanyika ni kuchakaza kidogo kati ya freti ya kwanza na ya saba, upande wa gumba, bila kufika kwenye mti. Mti ulio wazi hapa Dodoma unakausha shingo upande mmoja na kunywa jasho upande uleule. Baada ya mwaka una kijivu chafu na huenda umejipinda.

Pili, nembo ya Fender kichwani. Hilo ni kughushi, hata kama gitaa haliuzwi, kwa sababu siku moja litauzwa. Kichwa kiliachwa kitupu na kinapendeza.

Nati ya plastiki nyeupe ilibadilishwa kwa ya mfupa wa ng'ombe, ambao katika mkoa huu haukosekani: mfupa wa mguu, uliochemshwa kutoa mafuta na kukaushwa vizuri, una rangi ya maziwa inayokubaliana na shingo hii kuliko plastiki yoyote. Kabla ya kurudisha skrubu, mdomo wa kila tundu ulipanuliwa kidogo kwa keekee kubwa kuzungushwa kwa mkono, na skrubu zikasuguliwa kwenye sabuni kavu. Bila hivyo skrubu inavuta klia na kuiinua kuzunguka tundu.

Nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) ziliwekwa, nondo ikakazwa hadi robo mizunguko iliyoandikwa, ikaachwa usiku mmoja, kisha ikasahihishwa hadi pengo kati ya uzi na freti ya saba likawa milimita 0.25. Mwenyewe alipewa onyo moja tu: stendi na vishikio vya ukutani vya kutundikia gitaa vina mpira, na nitroselulosi hugombana na mpira mpaka ukaacha alama nyeusi au kuganda, kwa hiyo vifungwe kitambaa cha pamba.